MPINGO WETU, SEHEMU YA 4: WALIOKAA MKUTANONI MPAKA JUA LIKAZAMA

Naandika tena kutoka Kiranjeranje. Nimetoka zamu ya usiku, nikikosea herufi mnisamehe.

Jana tuliishia Daraja la Mkapa. Lilifunguliwa 2003, tukafurahi, Dar imekuwa karibu. Kumbe na malori ya magogo yalikuwa yanalisubiri. Nilikuwa shule ya msingi. Tulikaa kando ya barabara ya Nanjirinji tukiyahesabu kama mchezo. Hakuna mkubwa aliyetuambia tunahesabu mali yetu ikiondoka.

Na sheria ilikuwepo jamani! Sheria ya Misitu ya 2002: kijiji kikitenga msitu kwenye ardhi yake na kuwa na mpango wa kuusimamia, mapato ya miti ni ya kijiji. Ila nani aliileta sheria hiyo chini ya mwembe akaieleza?

Hapo ndipo wanapoingia MCDI wa Kilwa Masoko. Walianza miaka ya 90 kama utafiti wa wanafunzi wa Cambridge kuhusu mpingo, 2004 wakawa shirika la hapa nchini. Kazi yenyewe haina mbwembwe: kupima mipaka, kuhesabu miti, kukaa mkutanoni mpaka jua linazama kwa sababu kijiji jirani kinadai mpaka umewamega. Cheti cha kimataifa cha FSC ni ghali kwa kijiji kimoja, kwa hiyo shirika likashika cheti kimoja kwa niaba ya vijiji. 2009 Kikole na Kisangi wakakipata, wa kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji. 2016 kiongozi wao, Makala Jasper, akapewa tuzo ya Whitley kule London.

Tuzo ni nzuri. Mimi lakini nimeshaona washauri wengi wa miradi: projekta, saini ya posho, gari limewashwa kabla wali haujaiva. Kwa hiyo nawapima kwa kingine.

Mwaka juzi tulipokea mama mjamzito anavuja damu, kaletwa na pikipiki usiku kutoka kijiji kimoja cha ndani. Nauli ilitoka kwenye fedha za msitu. Mwenyekiti aliitoa bila kungoja kikao. Mama alipona, na mtoto pia. Mkutano uliofuata wanakijiji wakambana: risiti ya pikipiki iko wapi?

Akaitoa mfukoni.

Sehemu ya 5 kesho, nikiamka.