Kutoka Kinoo Hadi Chuma cha Kunolea: Makali ya Kisu na Jiko la Bi Harusi

Tukipanga vyombo vya jikoni tunakumbuka sufuria, hotpoti na sahani. Cha kunolea kisu hatukikumbuki, ilhali kina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo ni dini yetu.

Katika hadithi ya Shaddad bin Aws iliyomo ndani ya Sahih Muslim, Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa Allah ameamrisha ihsani katika kila jambo, na kwamba mwenye kuchinja anoe kisu chake ili asimtese mnyama. Makali ya kisu, basi, ni haki ya mnyama kabla hayajawa wepesi kwa mchinjaji.

Chuma si kigeni kwetu. Mwaka 1154 Al-Idrisi aliandika kuwa watu wa Malindi walipata faida kubwa kwa kuuza chuma. Huko Kagera, utafiti uliochapishwa mwaka 1978 ulionyesha kuwa wahunzi walitengeneza chuma cha pua miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Kunoa kulifanywa kwa jiwe, yaani kinoo, na bibi zetu wengi wamekitumia hadi leo.

Fimbo ya chuma yenye mpini ilienea kwa wauza nyama, kwa sababu anayekata siku nzima hawezi kurudi kwenye jiwe kila mara. Tunakula nyama nyingi inayotoka bara, na huko Ugogo, nchi ya wafugaji, reli ilifika Dodoma mwaka 1910. Leo Kizota, pembezoni mwa mji huo, kuna machinjio ya kisasa yanayochinja kwa taratibu za halali, na nyama yake imeuzwa hadi nchi za Kiarabu. Katika kazi kama hiyo, kisu hupitishwa kwenye chuma mara kwa mara.

Kinoo na chuma havifanyi kazi moja. Kinoo hula kisu na kutoa makali mapya. Chuma hunyoosha makali yaliyolala kwa kukata. Kwa hiyo kisu kilichokuwa butu kabisa kianze kwenye kinoo. Chuma ni cha kila siku.

Nyumbani, simamisha chuma, ncha yake juu ya kitambaa kilichokunjwa. Laza kisu kidogo, kama nyuzi 20, ukivute taratibu kutoka shina hadi ncha, mara tano kila upande. Usikandamize. Kisha kifute, maana vumbi la chuma halitakiwi kwenye chakula.

Na Idi ya kuchinja ikifika, kinolewe mapema, mbali na macho ya mnyama, hilo nalo Mtume (S.A.W.) amelikemea.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Sisi tunaongeza: kisu butu huteleza na kukata kidole. Bi harusi, kwenye orodha yako ya vyombo, andika na chuma cha kunolea. Allah azibariki nyumba zenu, Amin.