Ukaguzi wa agizo la kurejesha gari

Ukaguzi huu ni kutafuta, kwa namba ya chasisi, kama mtengenezaji amekwisha kutangaza kuwa gari fulani lina kasoro inayohatarisha usalama na linatakiwa kurudishwa kwa wakala wake litengenezwe bure. Gari likiuzwa mara tatu na kuvuka bahari, kasoro inavuka nalo. Barua ya onyo ndiyo inayobaki nyuma, kwa kuwa hutumwa kwa yule aliyeandikwa kwenye daftari la usajili la nchi ambako gari lilianzia.

Marekani iliweka msingi wa kisheria wa maagizo haya mwaka 1966, na Japani ikaanzisha utaratibu wake mwaka 1969. Afrika Mashariki, ambako sehemu kubwa ya magari ya watu binafsi ni mitumba ya Japani, imerithi magari bila kurithi daftari. Kenya huzuia kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, na Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 yale yenye miaka 15 na zaidi. Lakini kikomo cha umri hakimwambii mnunuzi lolote kuhusu kasoro iliyotoka kiwandani.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani. Mfuko wa hewa hufumuka kwa gesi inayozalishwa na kemikali inayowaka ndani ya kopo dogo la chuma. Takata ilitumia nitrati ya amonia, na katika makopo mengi haikuweka kitu cha kufyonza unyevu. Kemikali hiyo ikikaa miaka kadhaa kwenye joto na unyevunyevu, huku ikipata moto mchana na kupoa usiku, hubadilika umbile. Siku ya ajali huwaka kwa kasi kupita kiasi, kopo linapasuka, na vipande vya chuma vinamrukia dereva usoni na shingoni. Watu wamekufa katika ajali ndogo ambazo wangetoka na michubuko tu.

Honda ilitoa agizo la kwanza la kurejesha magari yenye mifuko hiyo Novemba 2008, likigusa magari yapatayo 4,000 tu nchini Marekani. Tarehe 13 Mei 2015 Toyota peke yake ilitangaza karibu magari milioni 5 duniani, yakiwemo Corolla na Vitz, yaliyotengenezwa kati ya Machi 2003 na Novemba 2007. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hana haja ya kuelezwa magari hayo yako wapi sasa. Hesabu ya dunia nzima ilifikia makopo hayo takriban milioni 100. Mwaka 2017 Takata ilikiri kosa la udanganyifu mbele ya mahakama ya Marekani, ikakubali kulipa dola bilioni 1, na mwaka huohuo ikafilisika.

Marekani ilipopanga magari yapi yaanze kutengenezwa, ilitanguliza yale ya majimbo yenye joto na unyevu mwingi. Hali hiyo ndiyo ya Tanga, Zanzibar, Lamu na mwambao wetu wote. Japani nayo, tangu Mei 2018, ilianza kuyanyima cheti cha ukaguzi magari yenye vifaa hivyo ambavyo havijabadilishwa. Gari lililopakiwa melini kabla ya hapo halikupita kwenye chujio hilo.

Kasoro hii haisikiki wala haionekani. Taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi huwaka nyaya au vihisi vikiharibika. Haiwaki kwa sababu kemikali imechakaa. Fundi hodari wa mtaani, hata akilala chini ya gari mchana kutwa, hataiona. Namba ya chasisi ndiyo njia pekee ya uhakika aliyonayo mwenye gari.

Namba hiyo iko kwenye kadi ya gari au logibuku, kwenye cheti cha kusafirisha gari kutoka Japani, na imegongwa kwenye bodi lenyewe, mara nyingi ndani ya boneti kwenye ukuta wa nyuma ya injini au chini ya kiti cha mbele. Isomwe kwenye bodi, kisha ilinganishwe na karatasi. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani huwa na namba fupi yenye kistari katikati: mbele ni alama ya modeli, kwa mfano NZE121 kwa aina moja ya Corolla, na nyuma ni namba ya mfululizo. Magari ya soko la Ulaya au Marekani yana tarakimu na herufi 17, zisizotumia kamwe I, O wala Q.

Hapa ndipo wengi hupotea. Huingiza namba fupi ya Kijapani kwenye tovuti ya mamlaka ya Marekani, NHTSA, hawapati kitu, wakaondoka wakidhani gari ni salama. Tovuti hiyo haina habari za magari ya soko la Japani. Namba ya Kijapani iingizwe kwenye tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji mwenyewe. Simu janja yenye programu ya tafsiri inatosha kuisoma. Gari lililotoka Uingereza hukaguliwa pia kwa namba yake ya zamani ya usajili.

Jibu likionyesha kazi haijafanywa, mwenye gari achapishe ukurasa huo na kuupeleka kwa wakala rasmi wa kampuni nchini, aombe jibu la maandishi. Akizungushwa, Tanzania ina Tume ya Ushindani (FCC) na Kenya ina Mamlaka ya Ushindani, vyombo vyenye jukumu la kumlinda mlaji. Asimruhusu mtu kufungua usukani kwa bisibisi, maana ndani mna kilipuzi. Wala asinunue mfuko wa hewa uliotolewa kwenye gari bovu, kwani anaweza kufungiwa kifaa kilekile kilichoagizwa kiondolewe.

Ukaguzi mmoja hautoshi. Magari mengi yaliyokuwa nje ya orodha ya mwaka 2008 yaliingizwa ilipofika 2015, kwa hiyo namba irudiwe kila mwaka, kwa mfano wakati wa kulipia bima. Na anayenunua gari, liwe la bandarini au la jirani, adai kuona matokeo ya namba ya chasisi kabla hajatoa fedha.