Njia za Kupandia Milima: Kutoka Spånga hata Marangu

Mkaaji wa Spånga, kitongoji cha kaskazini-magharibi ya Stockholm ambacho stesheni yake yapitiwa na reli tangu mwaka 1876, apatapo shauku ya kupanda mlima mrefu kuliko yote ya Uswidi, haombi idhini kwa afisa yeyote wala hatozwi ada langoni, kwa kuwa lango lenyewe halipo. Hulala katika treni ya usiku iendayo Kiruna, akachukua basi mpaka Nikkaluokta ambako barabara hukoma, kisha akaenda kwa miguu kilomita 19 hata nyumba ya wasafiri iliyo chini ya Kebnekaise. Desturi ya kale, iliyotiwa katika katiba mwaka 1994, yampa kila mtu, mwenyeji na mgeni, ruhusa ya kupita nyikani maadamu haharibu kitu wala hawaudhi wenye makazi.

Wepesi huo haukushuka kutoka mbinguni. Mfaransa Charles Rabot, aliyekifikia kilele pamoja na waongozi wake mwaka 1883, alipita katika nchi isiyo na reli wala banda, ambayo Wasami, wenyeji wa kaskazini, na mifugo yao waliijua kitambo. Chama cha Utalii cha Uswidi kikaundwa 1885, reli ya wachimba chuma ikafika Kiruna 1899, na nyumba ya wasafiri ikajengwa takriban mwaka 1908. Njia kuu leo ni mbili: ya mashariki, fupi, yenye kuvuka barafu na kushika kamba za chuma mwambani, na ya magharibi, ndefu, impandishayo mtu Vierranvárri, ikamteremsha katika bonde liitwalo la Kahawa, ndipo aanze kupanda upya. Kilele cha kusini, ambacho juu yake ni barafu tupu, kimezidi kuyeyuka, hata mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stockholm wakatangaza kwamba cha kaskazini, chenye mita 2,097 hivi, ndicho kirefu zaidi.

Kwetu, penye Kilimanjaro, mambo yalikwenda kinyume: njia ilianza bila lango, na lango likaja baadaye. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, wapandaji kutoka Ulaya, kabla ya kufika juu ya Kibo, kilele kikuu cha mlima huo, Oktoba 1889, walikaribishwa na Marealle, mangi (mtawala) wa Wachaga wa Marangu, na watu wake ndio waliojua vipito vya msituni. Miongoni mwao wenyeji humtaja Yohani Kinyala Lauwo, aliyewaongoza wapandaji kwa miaka mingi. Kama naye alikanyaga kilele siku ile, wanahistoria wabishana, ubishi ambao naona ni wa watu wasiopata kubeba mzigo. Wajerumani wakajenga mabanda, wakayapa majina ya Bismarck na Peters; leo ni Mandara na Horombo, majina ya watawala wa Kichaga. Usiku wa uhuru wa Tanganyika, Desemba 1961, mwanajeshi Alexander Nyirenda akapandisha mwenge kileleni, na mwaka 1973 mlima ukafanywa hifadhi ya taifa.

Mbali na njia ya Marangu ziko nyingine, Machame, Umbwe, Rongai na Lemosho, ilhali Mweka ni ya kuteremkia tu. Lakini katika zote hapandi mtu pasipo kulipa ada na kufuatana na mwongozaji mwenye leseni. Wako wanaoona kwamba huo ni uchoyo. Mimi sikubaliani nao: Kilimanjaro hupandwa na makumi ya maelfu ya watu kila mwaka, na mapato yake husaidia kuzilinda hifadhi nyingine zisizo na wageni wengi. Dhuluma, ikiwapo, haiko langoni bali katika ujira wa wapagazi, hao waitwao wagumu, ambao sheria imewawekea kikomo cha kilo 20 lakini haiwezi kuwa na jicho katika kila kambi.

Basi msomaji uliyeko Spånga au kwingineko ughaibuni, uazimupo kwenda nyumbani kupanda, kabla hujampa wakala fedha zako, muulize wakala huyo kwamba mpagazi atalipwa shilingi ngapi kwa siku, na kwamba atalala wapi na kula nini.