Nani Alitia Mkono Kwenye Unga wa Kariakoo?

Bila shaka umekisikia kisa cha Mtume (s.a.w.) pale sokoni. Alipita penye fungu la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikagusa unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuiweka juu hiyo iliyolowa, watu waione. Kasimulia Abu Hurayra, na kimo katika Sahihi Muslim.

Sasa shika huo mkono akilini, twende zetu Nyanza Kusini.

Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakaingia mji wa Kisii, si mbali na Asumbi. Tarehe 12 wakapigana hapo na Waingereza, kisha wakarudi walikotoka. Risasi zikahamia mbali, lakini vita viliwafuata vijana wa huku hadi majumbani: vilitaka wachukuzi. Nyanza ilitoa wengi mno. Mwaka 1917 John Ainsworth, ambaye alikuwa mkuu wa jimbo hilo hilo, akapewa kazi ya kukusanya watu wa kubeba mizigo ya jeshi, na wakakusanywa kwa nguvu.

Kijana wa Asumbi alilelewa kwa mtama, wimbi na samaki. Kambini akapewa unga wa mahindi. Kwenye karatasi posho ilionekana sawa, imepimwa kwa ratili, imeandikwa. Lakini mizani haikuambii unga umesagwaje! Mara nyingi ulikuwa wa chengachenga na makapi, unaotaka kuchemka muda mrefu. Na huyu mtu ametua mzigo jioni, kuni zimelowa, kachoka, njaa inamuuma. Anaukoroga kidogo, anakula. Wewe unayepika uji wa futari unajua unga usioiva unavyofanya tumboni. Sasa fikiria kula hivyo miezi na miezi, na maji ni ya dimbwi.

Wakaharisha damu. Maradhi yaliua wachukuzi wengi kuliko risasi, na kuhara kulikuwa mbele kabisa. Madaktari wa jeshi waliliona na wakaeleza sababu: unga mbovu na mapishi ya haraka. Oscar Watkins, mkuu wa wachukuzi, naye aligombana na wakubwa kuhusu hali ya watu wake. Tusiwanyime haki yao. Ila waliotazama walitazama baada ya watu kuugua, wakati gunia lilikuwa limeshafungwa, likasafirishwa, likaliwa.

Serikali iliandika vifo vya maelfu na maelfu ya wachukuzi, na wanahistoria wengi wanaona hesabu hiyo ni ndogo. Wengi hawana hata kaburi linalojulikana.

Jeshi lao liliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Ulimi wetu ukalifanya Kariakoo, na palipokuwa kambi zao, Nairobi na Dar es Salaam, leo ni masoko. Watu wanaingia asubuhi kununua chakula, wanachota unga kiganjani, wananusa, ndipo wanauliza bei.