Fom ya Wikendi Haikuanguka Kutoka Mbinguni

Kila Alhamisi jioni grupu letu la WhatsApp huamka. Mtu anaandika, "Wasee, fom ni gani wikendi?" halafu vurugu inaanza. Mmoja anataka Karura. Mwingine anasema Karura ni mbali na kuna kiingilio. Mwingine anataka tukae tu base, tununue mutura na kachumbari, tupige stori mpaka mbu watufukuze. Na kuna yule ambaye huandika "niko ndani" kila wiki na hajawahi kuonekana. Usijifanye humjui. Kila grupu lina wake.

Wiki jana rafiki yetu mmoja aliandika sentensi moja tu: "Msinihesabu, mimi siku hizi sina wikendi." Anauza nguo dukani huko mjini, na hiyo Jumapili ingekuwa ya tano mfululizo akiwa kazini. Siku za katikati ya wiki pia hapumziki. Akiuliza, anaambiwa kuna watu wengi huko nje wanaoitaka hiyo kazi. Tulimtumia emoji za kulia, tukaendelea kubishana kuhusu mutura.

Lakini mimi hiyo sentensi ilinikwama. Kumbe wikendi ni kitu mtu anaweza kunyang'anywa? Na kama inaweza kunyang'anywa, basi kuna mahali ilitoka. Nikaanza kusoma, na niliyoyapata nimeona nisikae nayo peke yangu.

Tuanze na lugha yenyewe. Kwa Kiswahili Jumamosi si mwisho wa wiki, ni mwanzo. Mosi ni moja, pili ni mbili, mpaka tufike Jumatano, siku ya tano. Hesabu inaanza baada ya Ijumaa, kwa sababu kwa Waswahili wa pwani, ambao ni Waislamu, Ijumaa ndiyo siku kuu ya wiki. Jina lenyewe lina asili ya Kiarabu, na maana yake inahusu watu kukusanyika. Alhamisi nayo imetokana na neno la Kiarabu la tano, kwa hesabu inayoanzia Jumapili. Ndiyo maana wiki yetu ina siku mbili za tano zinazofuatana, Jumatano na Alhamisi. Miaka yote hiyo shuleni hakuna aliyeniambia, na nimeudhika kidogo.

Ninachotaka ushike hapo ni hiki: kukutana hakukuletwa na meli. Pwani kulikuwa na Ijumaa. Bara kulikuwa na siku za soko na ngoma za baada ya mavuno. Watu walijua kabisa siku ya jembe na siku ya kuonana.

Reli ndiyo iliyovuruga mambo. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, na 1899 reli ikafika kwenye bonde lenye majimaji ambalo leo tunaliita Nairobi. Mji ulizaliwa kama kituo cha kazi. Na ukishauza siku zako kwa mwezi, anayeamua utapumzika lini si mvua tena wala mavuno. Ni mwajiri. Hata huko Uingereza mapumziko hayakutolewa kwa roho safi. Ilibidi sheria ya 1850 iseme kwamba wanawake na vijana katika viwanda vya nguo wasifanye kazi Jumamosi baada ya saa nane mchana. Marekani nako, kampuni ya Ford ilipowapa wafanyakazi wa viwandani wiki ya siku 5 mwaka 1926, ilikuwa habari kubwa.

Sasa rudi Nairobi miaka hiyo hiyo ya 1920. Kulikuwa na kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 alitakiwa kutembea na karatasi yenye alama zake za vidole na rekodi ya kazi zake. Wengi waliivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Kama mwajiri hakuandika kwamba amekuachilia, ilikuwa shida kupata kazi kwingine, na kutoroka kazini lilikuwa kosa la kukupeleka jela. Mji nao uligawanywa kwa rangi ya ngozi. Mwafrika alikubalika Nairobi kama mfanyakazi, si kama mwenyeji. Kukaa tu na wenzako mjini bila kazi ya kuonyesha kuliitwa uzururaji, na uzururaji ulikuwa na sheria yake.

Fikiria fom yako ya Jumamosi ndani ya hayo maisha. Ile kitu tunafanya kila siku, kukaa kwa ukuta na mbogi bila sababu yoyote, ndiyo ingekupeleka ndani.

Na bado watu walijienjoi. Hapa ndipo nilipoanza kuwapenda hawa watu. Ngoma ya beni, ambayo mizizi yake iko pwani, ilienea mijini kote Afrika Mashariki. Vijana walivaa kama maafisa wa jeshi, wakapeana vyeo vikubwa vikubwa, wakaandamana na ngoma na tarumbeta, kundi moja likishindana na lingine kwa mavazi na madoido. Mtu ambaye wiki nzima aliitwa "boi" kazini, siku ya ngoma alikuwa jenerali. Kandanda nayo ilishika moto. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, na ukitaka kujua utani wa majirani hawa wawili ulianza lini, anzia hapo.

Wengine waliamua kupigania saa zenyewe. Makhan Singh alizaliwa India, akaletwa Kenya akiwa kijana mwaka 1927. Kufikia 1936 chama cha wafanyakazi alichokiongoza kilikuwa kikifanya kampeni ya siku ya kazi ya saa 8. Saa nane za kazi, basi, halafu mtu aende zake. Ni dai ambalo hata leo kuna watu watalisoma hapa na kucheka kwa uchungu.

Kuna tarehe mbili nimeziandika kwa daftari. Ya kwanza ni 23 Aprili 1950. Ilikuwa Jumapili. Katika ukumbi wa Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya Waafrika, watu walijaa kwenye mkutano. Mle mle ambamo wakazi walikutana kujiburudisha, Makhan Singh na Fred Kubai walidai uhuru kamili wa nchi. Wiki chache baadaye wote wawili walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Makhan Singh hakuachiliwa mpaka 1961.

Tarehe ya pili ni 24 Aprili 1954. Ilikuwa Jumamosi. Asubuhi hiyo jeshi na polisi walizingira Nairobi yote kwa operesheni waliyoiita Anvil, kuwasaka Mau Mau. Walipita mtaa kwa mtaa. Maelfu kwa maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, walipakiwa kwenye malori na kupelekwa kambini bila kesi. Hao pia walikuwa na mipango ya Jumamosi. Kuna mtu aliyekuwa ameahidi kupitia kwa rafiki yake jioni, na hakufika.

Sisi tukikosa kufika huwa tunasingizia mvua.

Baada ya uhuru, watu walitafuta njia zao za kupangana. Shosho yangu bado anaweka kadi za salamu kwenye mkebe wa biskuti. Ulikuwa unanunua kadi, unaandika majina ya unaowasalimia, unaituma kwa redio, halafu unakaa karibu na redio wiki nzima ukingoja mtangazaji akutaje. Nilimuuliza sasa mlipanga vipi kukutana mjini bila simu. Akaniangalia kama mtoto mjinga. "Ukisema saa nane, ni saa nane. Asipokuja, unajua kuna shida, unamwendea nyumbani."

Na mahali pa kukutana? Mwaka 1969 Uhuru Park ilifunguliwa. Nyasi, ziwa dogo, mashua, wapiga picha, watoto na popkoni. Mtu wa Eastlands aliweza kuvaa nguo zake nzuri, akaketi katikati ya jiji ambalo baba yake alilipita akiwa na kipande shingoni, na asiulizwe na mtu anafanya nini pale.

Lakini angalia jinsi tulivyokaribia kupoteza. Mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai akaandika barua kila mahali. Alidhihakiwa bungeni, na chama chake, Green Belt Movement, kikatimuliwa kwenye ofisi za serikali. Hakunyamaza. Wafadhili wakasita, na jumba halikujengwa. Mwaka 1991 ikawa zamu ya bustani ya Jeevanjee. Zarina Patel, mjukuu wa yule Jeevanjee aliyeutolea mji bustani hiyo, aliongoza watu kuikinga isijengwe. Mwaka 1999 Maathai alipigwa na walinzi huko Karura, akivuja damu kichwani, kwa sababu alikwenda kupanda mti kwenye msitu uliokuwa umegawiwa watu wenye pesa.

Miaka 10, mapigano matatu, na yote yalihusu mahali ambapo wewe na mimi tunaenda kupiga picha na kula chipsi.

Kwa hivyo mtu akiniambia eti kukaa na marafiki ni kupoteza muda, namwelewa, lakini simkubalii. Kukaa huko kulihitaji vitu viwili: muda na mahali. Vyote viwili vilipiganiwa na watu waliopigwa, waliofungwa, na wengine hatujui hata majina yao. Na vyote viwili bado vinaweza kwenda. Mahali panaenda polepole: kiwanja cha mtaa kinawekewa ukuta wa mabati, mti wa base unakatwa, ghafla kila kiti mjini kinataka ununue kahawa kwanza. Muda nao unaenda kimya kimya, kama ulivyomtoka rafiki yetu, Jumapili moja moja.

Nilipomaliza kusoma nilimtumia kitu kimoja. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 27, inasema mfanyakazi ana haki ya angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku 7. Si zawadi ya bosi mwenye roho nzuri. Ni haki. Alisoma, akanyamaza kama dakika kumi, kisha akajibu: "Najua. Lakini nikisema, nitabaki na haki bila kazi."

Sina jibu la haraka kwa hilo, na sitajifanya ninalo. Makhan Singh hakulipata peke yake, na rafiki yangu naye hapaswi kuachiwa alitafute peke yake. Ameanza kuongea na wenzake wawili pale dukani. Wanataka waulize pamoja, kwa maandishi, wapangiwe zamu za kupumzika. Wakikataliwa, kuna ofisi ya leba, na sisi tutawasindikiza mpaka mlangoni.

Kwa sasa tumebadilisha fom. Wiki hii hatuendi Karura. Anafunga duka Jumapili saa kumi na mbili jioni, na kutoka pale mpaka Jeevanjee ni dakika tano kwa miguu. Tutakuwa tumekaa kwenye benchi tukimngoja, na mutura itakuwa imefungwa vizuri isipoe. Hata yule wa "niko ndani" nimemwambia, akikosa tutamwendea kwao.