Pazia la shashi: maana, vipimo na matumizi ya maneno yake

Pazia la shashi (wingi: mapazia ya shashi) ni pazia la dirisha lililoshonwa kwa kitambaa chepesi, chenye nyuzi nyembamba zilizoachana kidogo, kinachopitisha mwanga na upepo huku kikipunguza uwezo wa aliye nje kuona ndani. Hutofautishwa na pazia zito, ambalo huzuia mwanga, na wavu wa dirishani, ambao kazi yake ni kuzuia mbu. Katika maduka ya mapazia ya Dar es Salaam huitwa pia shia.

Makala haya yanaeleza maneno yanayohusiana na pazia hilo pamoja na utendaji wake. Mambo hayo mawili hayatenganishiki: neno lisilo bayana katika maelezo ya pazia huweza kumgharimu msomaji kitambaa, au kumwacha wazi mbele ya macho ya wapita njia.

Asili na maneno ya karibu

Nomino shashi (ngeli ya I-ZI) inatokana na neno la Kiarabu shāsh, kitambaa laini na chembamba. Katika Kiswahili ina maana mbili: kitambaa cha namna hiyo, na karatasi nyororo ya kufungia vitu. Kwa sababu hiyo, katika orodha ya bidhaa au maelekezo ya ushonaji ni bora kuandika kitambaa cha shashi au karatasi ya shashi kwa ukamilifu.

Melimeli, neno lenye asili ya Kihindi (malmal), hutaja kitambaa chepesi cha pamba. Oganza pia ni nyepesi, lakini ni kakamavu na hung'aa. Kimia ni jambo jingine: hiki ni kitambaa chenye matundu ya wazi mfano wa wavu, na matundu hayo yakipangwa kwa maua au nakshi, wengi husema lesi. Mfasiri asitumie kimia na shashi kana kwamba ni visawe, kwa kuwa kimoja huonyesha matundu na kingine huonekana kama ukungu mwembamba.

Shia ni neno la sokoni lenye nguvu na linaeleweka haraka. Hata hivyo, maandishi yake yanafanana na jina la madhehebu ya Kiislamu, na nje ya muktadha wa biashara huweza kumbabaisha msomaji. Katika maandishi rasmi pazia la shashi linafaa zaidi. Shia libaki katika matangazo na katika vinywa vya wahusika wa hadithi.

Pazia jepesi au pazia jembamba?

Kivumishi -embamba kina maana mbili: kinyume cha -nene na kinyume cha -pana. Kwa hiyo pazia jembamba laweza kufahamika kuwa pazia la kitambaa kisicho kizito, au pazia lisilo na upana wa kutosha. Utata huo una madhara hapa, kwa maana uzuri wa pazia la shashi hutegemea upana wake: kitambaa chepesi kisipokuwa na marinda ya kutosha huning'inia kama shuka lililoanikwa. Pazia jepesi huondoa utata.

Pazia angavu nalo lina kasoro. Kitu angavu, kama kioo, huonyesha kilicho nyuma yake bila kukififisha. Pia -angavu humaanisha -enye kung'aa. Shashi hupitisha nuru lakini huvuruga taswira. Panapohitajika usahihi wa kisayansi, iandikwe kitambaa kinachopitisha nuru pasipo kuonyesha vitu bayana.

Sitara ya mchana na ya usiku

Kiarabu sitāra ni pazia. Kiswahili kimelichukua neno hilo kama sitara, yaani hali ya kufunikwa au kuhifadhiwa macho ya watu, na kinalo pia kitenzi sitiri. Ukoo huo wa maneno huwashawishi waandishi kueleza kwamba kila pazia husitiri. Pazia la shashi husitiri kwa sharti.

Mchana, nje huwa na mwanga mwingi kuliko ndani. Nyuzi za pazia huakisi mwanga huo kuelekea nje, na mtazamaji wa barabarani huona weupe wa kitambaa badala ya chumba kilichofifia nyuma yake. Aliye ndani huendelea kuona bustani. Usiku, taa zikiwashwa, hali hugeuka: chumba ndicho chenye mwanga, na aliye gizani humwona aliye ndani. Rangi nayo ina nafasi yake. Shashi nyeupe hutawanya mwanga zaidi na kusitiri vizuri zaidi mchana. Shashi ya rangi nzito humwezesha aliye ndani kuona nje kwa uwazi zaidi.

Ndiyo maana pazia la shashi hutundikwa karibu na kioo, na pazia zito hutundikwa kwenye bomba la pili upande wa chumbani, livutwe jua linapotua. Maelezo ya bidhaa yazingatie tofauti hiyo:

Yenye kasoro: Pazia hili linakusitiri wakati wote.
Yaliyo sahihi: Pazia hili hupunguza kuonekana kwa chumba kutoka nje wakati wa mchana, usiku litumiwe pamoja na pazia zito.

Upana, kimo na urefu

Neno urefu hutumika kwa kipimo cha mlalo na cha wima pia. Urefu wa bomba ni mlalo. Urefu wa pazia ni wima. Katika maelekezo ya ushonaji ni salama kutumia upana kwa mlalo, kimo kwa wima, na kubakiza urefu kwa kitambaa kinachokatwa kutoka kwenye jora.

Mfano utaonyesha sababu. Dirisha lina upana wa sm 150. Bomba huzidi dirisha kwa sm 15 kila upande, hivyo huwa sm 180. Kwa shashi, upana wa kitambaa huwa mara 2 hadi 3 ya bomba ili marinda yajae. Kwa mara 2.5 hupatikana sm 450, na pindo za pembeni za sm 5 kila upande hufanya sm 460. Kimo kutoka kwenye bomba hadi sm 1 juu ya sakafu ni sm 220. Upindo wa juu wa sm 10 na wa chini wa sm 20, unaokunjwa mara mbili ili uzito wake ulitulize pazia, hufanya sm 250.

Jora likiwa na upana wa sm 280, kitambaa hulazwa ubavu: upana wa jora huwa kimo cha pazia, na fundi hununua meta 4.6 bila mshono wa katikati. Jora likiwa la sm 140, vitahitajika vipande 4 vya sm 250, yaani meta 10, na mishono itaonekana dhidi ya mwanga. Maelekezo yanayosema tu “upana sm 280” bila kutaja upana wa nini humwacha fundi akibahatisha. Aidha, pamba na kitani huweza kusinyaa. Vifuliwe kabla ya kukatwa.

Vitenzi na upatanisho

Funga pazia lina maana mbili: kulitundika dirishani na kulivuta lifunike dirisha. Kwa maana ya kwanza litumike tundika au angika. Kwa maana ya pili, funga, ambalo kinyume chake ni fungua. Shusha lihifadhiwe kwa pazia linaloteremka kutoka juu.

Pazia ni nomino ya ngeli ya LI-YA: pazia hili jepesi, mapazia haya mepesi. Katika mazungumzo na matangazo husikika pazia hizi nyepesi, kwa upatanisho wa I-ZI. Katika maandishi rasmi umbo hilo liepukwe. Zingatia kwamba katika kundi pazia la shashi nomino kuu ni pazia, hivyo huandikwa pazia la shashi limefuliwa, wala si pazia la shashi imefuliwa.

Kwa matumizi ya kitamathali, nyuma ya pazia humaanisha kwa siri, na katika habari za michezo ligi hufunguliwa pazia inapoanza. Tamathali zote mbili zina msingi katika pazia lisiloonyesha kitu. Mwandishi anayetaka kueleza siri ambayo kila mtu anaiona anaweza kutaja pazia la shashi, na msomaji atamwelewa.