Jina halitoshi: Programu huria nazo zahitaji fasili

ANAYEKUTANA na neno geni hufungua kamusi. Je, anayehitaji programu ya tarakilishi asiyoijua hata jina hufungua nini? Swali hili limewaumiza vichwa waundaji wa programu tangu miaka ya 1970, na jibu lao latuhusu sana sisi wapenzi wa lugha.

Tatizo huanzia kwa majina. Chukua ‘grep’. Kazi yake ni kutafuta maneno ndani ya faili, lakini jina lenyewe halikuambii lolote. Limetokana na g/re/p, amri iliyotumiwa katika kihariri cha zamani kiitwacho ‘ed’. Nayo ‘GIMP’, ya kuhariri picha, ni akronimu. Usipoelezwa, utajuaje?

Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, Marekani, waliling’amua hilo mapema. Mwongozo wao wa kwanza wa mfumo wa Unix, wa Novemba 3, 1971, uliipa kila programu ukurasa wake. Juu liliandikwa jina, likifuatwa na maelezo ya maneno machache. Chini palikuwa na sehemu ya ‘tazama pia’, iliyomtoa msomaji kwenye programu anayoijua na kumpeleka kwa asiyoijua. Mwanaleksikografia hahitaji kuambiwa hapo pana nini: kidahizo, fasili na rejeleo mtambuko.

Mtihani hasa ulikuja na programu huria, yaani zile ambazo yeyote ana ruhusa ya kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadilisha na kuzisambaza. Mnamo Agosti 16, 1993, Ian Murdock alitangaza mradi wa Debian, ambapo watu wa kujitolea hukusanya programu hizo na kuzifunga katika vifurushi vilivyo tayari kusakinishwa. Toleo la 1.1 la mwaka 1996 lilikuwa na vifurushi 474. Hivyo mtu angeweza kuvipitia kwa jioni moja. Kufikia toleo la 3.0 mwaka 2002, vilikuwa takriban 8,500. Hapo sasa, nani angesoma orodha nzima?

Debian walijibu kwa kanuni za uandishi. Sera yao inataka kila kifurushi kiwe na muhtasari wa mstari mmoja usiofika herufi 80, kisha maelezo marefu kidogo. Muhtasari usirudie jina la kifurushi. Maelezo nayo yaandikwe kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kukutana na programu hiyo, yamwezeshe kuamua kama anaihitaji. Hebu linganisha na tunayofunzwa kuhusu kamusi: usifasili neno kwa neno lilo hilo, wala kwa maneno magumu kulishinda. Sote twajua adha ya kutafuta jina la samaki na kuambiwa ni ‘aina ya samaki’, basi!

Hata hivyo, fasili humfaa aliyekwisha kulifikia neno. Ndiposa Enrico Zini akaanzisha Debtags, mfumo wa kuvipa vifurushi lebo kadhaa kwa wakati mmoja: kinafanya kazi gani, kinashughulikia picha au sauti, kinatumiwa vipi. Wazo la kuainisha kitu kwa pande zake nyingi ni la wakutubi. S. R. Ranganathan wa India alikuwa amelitumia kupanga vitabu katika mfumo wake wa uainishaji uliochapishwa mwaka 1933.

Na Kiswahili je? Si kwamba tumelala. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihusika katika kutoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Ila menyu humsaidia aliyekwisha kuingia ndani. Aliye nje, asiyejua hata kwamba nyumba ipo, anahitaji sentensi moja ya kumwonyesha mlango.

Mfikirie mwalimu wa sayansi anayetaka kuwaonyesha wanafunzi anga la usiku. Shule haina fedha za kununua programu. Stellarium ni huria na haina malipo, lakini jina hilo halimwambii kitu. Sasa mpe mstari huu: ‘Huonyesha nyota na sayari jinsi zionekanavyo angani popote duniani’. Hauzidi herufi 80, wala hautaki mhandisi. Unataka mtu aijuaye programu na aijuaye lugha.

Tumezoea kusubiri istilahi zikamilike ndipo tuandike kuhusu teknolojia. Historia hii yatufunza kwamba fasili yaweza kutangulia. Wanafunzi wetu wa isimu hutunga fasili kila muhula na kuziacha zife katika karatasi za mtihani. Wakipewa vifurushi kumi kila mmoja, zoezi hilo hilo litamfaa mwalimu yule.